Neno na Maji: Uhakiki wa Lugha ya Matangazo ya Usafi Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Tangazo la afya haliwekwi aghalabu miongoni mwa maandishi yanayostahili uhakiki. Hutazamwa kuwa kazi ya ofisi tu: huandikwa upesi, hubandikwa ukutani, na maradhi yakipita hubanduliwa au huachwa kuliwa na mvua. Walakini maandishi ya namna hii huwafikia watu wengi wasiofikiwa na riwaya wala diwani, na kosa lake si kama kosa la shairi. Shairi lenye vina vibovu humchukiza msikilizaji. Tangazo la afya lililopotoka laweza kumpeleka kaburini. Kwa sababu hiyo yafaa wataalamu wa lugha walipime kwa mizani ile ile wanayopimia maandishi mengine, yaani waulize limesema nini, limesema na nani, na aliyesemwa naye alikuwa na uwezo gani wa kutenda aliyoambiwa.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa maradhi ya kuenea ulimwenguni. Tarehe 13 Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Tanzania ikafuata. Katika majuma machache Kiswahili kilitakiwa kueleza mambo mengi kwa mara moja: kirusi kisichoonekana, mtu mzima wa afya anayeambukiza wenziwe bila kujua, na desturi za kusalimiana, kula, kuzika na kusafiri zilizopasa kubadilishwa. Hapana lugha iliyo tayari kwa kazi ya namna hiyo. Kinachohakikiwa hapa, basi, si kwamba wenye kuandika walikosa maneno, bali ni namna walivyoyatafuta na mpango waliokuwa nao walipoyatafuta. Dai la makala haya ni kwamba makosa mengi yaliyodhaniwa kuwa ya wananchi wasiosikia yalikuwa makosa ya matangazo yasiyosemeka, na kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa na mfano wake bora wa kujifunza tangu mwaka wa 1973.

I. Kitenzi na nyakati zake

Kiswahili ni tajiri katika vitenzi vya usafi. Mtu huoga mwili, hunawa uso na mikono, hutawadha kwa ajili ya sala, hufua nguo, huosha vyombo, hupiga deki sakafu. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi ovyo. Kuosha hutaka kitu au mtu mwingine wa kutendwa: sahani, kidonda, mtoto, au maiti, kama inavyokumbusha methali isemayo kwamba mwosha huoshwa. Kunawa ni tendo la mtu juu ya viungo vyake mwenyewe. Matangazo ya mwaka wa 2020 yalitumia vyote viwili. Penginepo ilisomwa “nawa mikono” na penginepo “osha mikono”. Hapana haja ya kuwakemea waliotumia cha pili, kwani kimekwisha kuzoeleka kwa watu wengi, hasa Kenya, na maana yake haikumpotea mtu. Walakini tofauti hiyo yafunua jambo. Aliyeandika “osha” aghalabu alikuwa akitazama karatasi ya lugha ya kigeni yenye kitenzi kimoja kwa kazi zote; aliyeandika “nawa” alikuwa akimtazama mtu aliyeinama juu ya beseni.

Lakini hata kitenzi kilicho sahihi hakikutosha. Kunawa katika desturi za watu wengi kuna nyakati zake: kabla ya chakula na baada ya chakula, na asubuhi mtu aamkapo. Mtu aliyeambiwa “nawa mikono” bila kuambiwa nyakati mpya alijijibu moyoni kwamba ananawa siku zote, wala hakusema uongo. Jambo jipya lililotakiwa halikuwa kunawa, bali kunawa mtu arudipo kutoka sokoni, akohoapo katika kiganja, ashikapo noti iliyopita mikononi mwa wengi, na kabla ya kumpokea mtoto mchanga. Kiswahili kina kiungo kizuri sana cha kazi hiyo, yaani kirejeshi cha wakati: urudipo, ukohoapo, uingiapo. Ni matangazo machache yaliyokitumia. Mengi yalisema “mara kwa mara”, maneno ambayo hayamwambii mtu wakati wowote, na kwa hiyo humwachia wakati wote asioweza kuutimiza.

Kadhalika kipimo cha sekunde 20 kilitolewa kama kwamba kila mkono una saa. Ni kweli kwamba sabuni huhitaji muda ili ivunje utando wa mafuta unaokizunguka kirusi cha korona, na kipimo hicho kilikuwa na sababu. Walakini kipimo kizuri ni kile ambacho mtu anacho. Kumwambia mtu asugue viganja, migongo ya mikono, baina ya vidole na chini ya kucha, mpaka povu limeenea pote ndipo ajimwagie maji, ni kumpa muda ule ule kwa njia ya kazi, bila ya kumwomba ahesabu.

Lipo pia neno lililosahaulika, nalo ni kunawisha. Katika nyumba nyingi za pwani na bara mgeni hanawi peke yake: mtoto au kijana wa nyumba humjia na birika na bakuli, akammiminia maji. Desturi hiyo ndiyo maji ya kutiririka yenyewe, iliyokuwapo kabla ya bango lolote. Palipokuwa na madhara ni pale ambapo watu wengi walitumbukiza mikono katika bakuli moja. Kwa hiyo tangazo lingaliweza kusema tu: turudi kwenye birika, tunawishane, na sabuni iwe kando. Lingaliipa heshima desturi njema na kuikataa mbovu kwa pumzi moja. Badala yake watu waliambiwa kama kwamba usafi ni ugeni uliowasili kwa meli ya juzi.

II. Majina mapya

Katika majina, kazi ya lugha ilikuwa na mafanikio na kasoro, na zote mbili zina mafunzo.

Mafanikio makubwa ni barakoa. Neno hili si geni; makamusi ya zamani yalilijua kwa maana ya kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu katika pwani, kilichoacha macho wazi. Kulitoa katika sanduku la kale na kulipa kazi mpya ya kufunika pua na mdomo ulikuwa uamuzi mwema, kwa maana sauti yake ni ya Kiswahili, umbo lake halina taabu katika wingi, na kumbukumbu yake ni ya stara, si ya ugonjwa. Wengine waliendelea kusema “maski”, lakini katika magazeti na redio barakoa ilisimama imara, na haielekei kuondoka.

Kitakasa mikono ni kisa kingine. Muundo wake ni halali kabisa. Ni ndugu wa kifungua kinywa, kinasa sauti na kifuta jasho. Udhaifu wake u katika kitenzi chenyewe. Kutakasa katika Kiswahili si kusafisha tu; ni kuondoa najisi ya ndani, nalo hukaa jirani na utakatifu. Chupa iliyoitwa kitakasa ilipata cheo kuliko sabuni ya kipande, ambayo bado ilikuwa “sabuni” tu. Ilhali wataalamu wa afya walifundisha kinyume: kwa mikono yenye uchafu unaoonekana, maji na sabuni ndiyo bora, na dawa yenye alkoholi ni badala ya kutumiwa maji yanapokosekana. Jina lilipandisha kilicho ghali na kukishusha kilicho rahisi. Wasemaji wa mitaani, kwa kusema “sanitaiza”, huenda walikosa uzuri wa lugha lakini hawakuingia katika mtego huo.

Karantini lilikuwa neno la zamani katika bandari, na Unguja wanalijua kwa habari ya kisiwa cha Changuu kilichotumiwa kuwatenga wasafiri. Kwa wafugaji wa bara, hata hivyo, karantini ni amri ya bwana mifugo ya kuzuia ng'ombe wasitoke wala wasiingie sokoni. Kumwambia mtu wa huko kwamba nduguye amewekwa karantini ni kumwambia jambo ambalo masikio yake yataliunganisha na zizi. Hili si kosa la neno. Ni onyo kwamba neno moja halifiki mahali pote likiwa na mzigo ule ule, na kwamba mwenye kupanga hana budi kuulizia kabla ya kuchapa.

Neno baya kuliko yote lilikuwa umbali wa kijamii. Lilitafsiriwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa sahihi, lakini jumla yake ilikuwa amri ya kuvunja ujamaa. Katika nchi ambayo neno jamii limejaa maana ya kusaidiana, na ambapo kujitenga ni lawama anayotupiwa mtu mwenye kiburi au mwenye uchawi, watu waliombwa wajitenge kijamii ili kuonyesha upendo. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliona kasoro hiyo katika lugha za kigeni, na tangu Machi 2020 likapendelea kusema habari ya umbali wa mwili, kwa kuwa mioyo haikutakiwa kuachana. Kiswahili hakikuhitaji kusubiri. Kilikuwa na kutokaribiana, kuachiana nafasi, na kukaa mbali mbali. Kuachiana ndilo jema zaidi, kwa sababu kiambishi cha kutendana kilichomo humfanya kila mmoja kuwa mtoaji na mpokeaji wa hisani.

Kando ya majina haya ya ofisini lilienea neno ambalo hakuna kamati iliyolihitaji: nyungu. Katika mwaka wa 2020 habari ya kupiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa, ilienea Tanzania kwa kasi ambayo kitakasa mikono hakikuiona. Hapakuwa na ushahidi kwamba mvuke huua kirusi ndani ya mwili, na maji ya moto yana hatari ya kuunguza. Lakini mhakiki asiishie kucheka. Nyungu lilikuwa na chombo kinachojulikana, kitenzi chepesi, majani yaliyo nyuma ya nyumba, na mtu wa kumfunika mwenziwe shuka. Lilikuwa, kwa ufupi, tangazo kamili. Ukweli ulishindwa mbio na neno hilo kwa sababu ukweli ulivalishwa viatu visivyo vyake.

III. Mfano wa mwaka wa 1973

Si haki kusema kwamba Afrika ya Mashariki haikuwa na ujuzi wa kazi hii. Katika mwaka wa 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 redio ilitoa vipindi, na vikundi vya watu vilikutana vijijini kusikiliza, kusomewa kitabu, kujadiliana, na kisha kukata shauri juu ya jambo la kutenda kabla ya mkutano wa juma la pili yake. Habari zilizofundishwa zilikuwa pamoja na malaria, kichocho, kuhara damu, safura, kifua kikuu na maji safi. Viongozi wa vikundi walifunzwa kwa maelfu, na waliohudhuria wanakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2.

Kwanza litazamwe jina. Mtu ni Afya lina mizani 5, na umbo lake ni la methali. Sikio la Mswahili lilikwisha kulizoea katika mtu ni utu. Halikusema kwamba mtu ana afya, kana kwamba afya ni mali inayoweza kupotea na mtu akabaki vile vile. Lilisema kwamba mtu ni afya, na asipokuwa na afya utu wake wenyewe umepunguzwa. Hakuna amri ndani yake, wala makatazo. Ni hukumu juu ya maana ya mtu, na amri huja baadaye, kutoka katika kinywa cha kikundi chenyewe.

Umbo hilo lilizaa watoto. Kampeni ya chakula ya mwaka wa 1975 iliitwa Chakula ni Uhai. Miaka mingi baadaye Wizara ya Afya ya Tanzania ilikuja na Nyumba ni Choo, ambayo ina mizani 5 kama mama yake, na ambayo inafaulu kwa njia ya mshtuko: msikilizaji hucheka kwanza, kisha huona kwamba nyumba yake nzuri ya bati haijawa nyumba. Mwaka wa 2020 likatokea Mikono Safi, Tanzania Salama. Hili halina kiungo “ni” wala kitenzi. Limeweka vitu viwili vilivyo mbali mno, mkono wa mtu na nchi nzima, bila kusema nani anatenda nini baina yake. Lapendeza kuimbwa, si rahisi kulitii. Katika kulinganisha majina haya mtu aweza kuona safari ya nusu karne, kutoka usemi unaomweka mtu katikati hadi usemi unaoweka taifa katikati na kumwacha mtu awe viganja viwili.

Walakini ubora wa mwaka wa 1973 haukuwa katika jina tu. Ulikuwa katika mpango. Neno halikutumwa peke yake. Lilitumwa pamoja na watu wa kulijibu. Mwanakijiji aliyesema kwamba mto u mbali, au kwamba ardhi ya kwao ina mwamba na choo hakichimbiki, alikuwa na mahali pa kulisema jambo hilo, na wenziwe walilazimika kutafuta njia. Bango halina masikio. Redio bila kikundi haina masikio pia.

Wala si halali kuusifu mfano huo kupita kiasi. Vikundi vilikuwa na wakubwa wake, na si kila mtu alisema aliyoyafikiri mbele yao. Pia yajulikana vijijini kwamba choo kilichochimbwa kwa kumwogopa bwana afya chaweza kugeuka ghala la kuni. Tena maradhi ya mwaka ule yalikuwa wenyeji wa siku nyingi, yaliyoruhusu majuma 12 ya mazungumzo, ilhali korona haikungoja. Hoja hii ya mwisho ndiyo hujitetea nayo watangazaji wa mwaka wa 2020, na ina uzito. Lakini haraka ya ugonjwa huhitaji matayarisho ya mapema zaidi, si machache zaidi. Viongozi wa vikundi hawafunzwi siku ya moto. Na mahali walipokwisha kufunzwa, juma moja lingalitosha kuwaamsha.

IV. Sauti inayosema

Tangazo lina sauti, na sauti ina historia. Jambo hili lilionekana wazi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, Ebola ilipotangazwa Agosti 2018. Maradhi hayo hayakutangazwa kuwa yamekwisha mpaka Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walifariki. Mwaka wa 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za matangazo katika Goma na Beni, likakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilikuwa vigumu kwa wengi, wanawake na wazee hasa, na kwamba watu walitaka kuelezwa kwa Kiswahili cha kwao. Kwa wataalamu wa Kiswahili habari hiyo inauma kidogo, nayo yafaa iume. Usanifu wa lugha ni neema kubwa kwa shule, mahakama na vitabu. Lakini mbele ya kitanda cha mgonjwa, Kiswahili sahihi ni kile anachokisikia mgonjwa.

Lugha ya utabibu nayo ilikuja na maneno yenye makali. Anayedhaniwa kuwa na ugonjwa huitwa mshukiwa, neno ambalo magazeti humpa anayedhaniwa kuwa mwizi au mwuaji. Kazi yote ya kupambana na Ebola iliitwa kwa Kifaransa Riposte, yaani pigo la kujibu pigo, katika wilaya ambazo watu wake walikuwa wamechoshwa na risasi kwa miaka mingi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu za mashambulio hayo zilikuwa nyingi, na haifai kuzitwika neno moja. Lakini shughuli ya rehema iliyojiita kwa jina la vita ilijinyima utetezi ambao jina jema lingaliweza kuipa.

Kisa kimoja cha Beni chastahili kukumbukwa na kila mwenye kupanga kampeni. Mwishoni mwa mwaka wa 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walifanya uchaguzi wao wa mfano, wakapanga foleni, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Watu hao hawakuwa wajinga wa usafi. Walikuwa wamelisikia tangazo, wamelifahamu, na sasa walilitumia kama hoja dhidi ya waliolitoa. Anayesema kwamba umma hausikii angepaswa kuitazama foleni ile.

Upande wa Tanzania funzo lilikuwa la namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali iliacha kutoa hesabu za wagonjwa, hesabu ya mwisho ikiwa 509. Mabango ya kunawa yaliendelea kuwapo ukutani, lakini kimya kilichokuwa juu yake kilisema kwa sauti kubwa kuliko yeye bango. Mwaka wa 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mwendo ulibadilika. Hesabu zikarudi, chanjo ikazinduliwa mwezi wa Julai, na jina la UVIKO-19 likaenea katika maandishi ya serikali. Jina hilo limeundwa kwa ustadi kutokana na maneno ya Kiswahili, wala haliwezi kulaumiwa kwa kuchelewa. Lakini ilionekana kwamba neno jipya halirudishi mara moja imani iliyopotea wakati wa kimya. Watu hupima tangazo kwa matendo ya anayetangaza.

V. Hewa na matone

Imebaki habari ya ukweli wenyewe, ambao nao hubadilika. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwa nguvu kwamba korona haienei kwa hewa, bali kwa matone yatokayo kinywani na puani, yanayoanguka upesi na kugusika mikononi. Kwa hiyo kampeni zilielemea mikono. Katika mwaka wa 2021 shirika hilo hilo lilikubali waziwazi kwamba kirusi huweza kukaa hewani na kuvutwa na mtu, hasa katika vyumba vyenye watu wengi na hewa isiyopita. Aprili 2024 likatoa taarifa nzima juu ya istilahi, baada ya wataalamu wa fani mbalimbali kukiri kwamba walikuwa wakitumia maneno yale yale kwa maana zisizolingana, na kwamba hilo lilileta mchafuko.

Ni nadra kupata ushahidi bora kuliko huu kwamba msamiati ni jambo la uhai na mauti. Kiswahili, kwa bahati, hakikuwa na kizuizi hicho. Watu wameambiwa kwa miaka mingi kwamba kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, na wanaelewa maana yake: fungua dirisha, usikohoe usoni pa mwenzio, keti nje ikiwezekana. Lau msemo huo ungalitumiwa mapema, madirisha mengi ya makanisa, misikiti, madarasa na daladala yangalifunguliwa kwa bidii ile ile iliyotumika kupanga ndoo za maji milangoni. Hii si kusema kwamba ndoo zilikuwa bure. Kuhara, kipindupindu na Ebola hukatizwa sana na maji na sabuni. Ni kusema kwamba mikono ilifanywa jibu la swali ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la pumzi.

Funzo lake kwa mwandishi wa matangazo ni unyenyekevu wa kisarufi. Asemaye “haienei kwa hewa” amefunga mlango. Asemaye “kwa tunavyojua leo” ameuacha wazi wa kurudia. Wananchi humsamehe anayesahihisha. Hawamsamehe anayebadilisha kana kwamba hakusema.

VI. Mpango utangulie karatasi

Kutokana na haya yaweza kusemwa kwamba kazi ya kwanza ya mpangaji si kuandika. Ni kuhesabu maji. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalikadiria kwamba watu bilioni 3 ulimwenguni hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani mwao. Nyumba yenye watu 6, kila mmoja akinawa mara 10 kwa siku kwa nusu lita tu, yahitaji lita 30, yaani dumu moja na nusu zaidi ya maji ya kupikia na kunywa. Mahali ambapo dumu hununuliwa, amri ya kunawa ni amri ya kulipa, na tangazo lisilolijua hilo humtukana maskini kwa umaskini wake.

Ndiyo maana kibuyu chirizi kinastahili sifa. Chombo hiki, dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa, lenye kamba ya kukanyagia na kipande cha sabuni kando, hutoa maji kidogo kidogo bila kuguswa kwa mkono. Wanasarufi watalalamika kwamba “chirizi” ni shina la kitenzi lililobandikwa nyuma ya jina bila kiambishi, kama vile katika “maji tiririka”, na kwamba sharti isemwe “kibuyu cha kuchirizia”. Huenda wana haki. Lakini jina hilo linaeleza chombo, kazi na kiasi cha maji kwa maneno mawili, na mtoto wa darasa la pili aliyelisikia aweza kukitengeneza chenyewe. Sarufi na ikipokee.

Baada ya maji, wafuate watu watakaolijibu tangazo. Kisha anayeamrishwa awe ni yule mwenye uwezo wa kutenda. Machi 2020 Kenya ilipoamuru matatu ya viti 14 ichukue abiria 8, agizo lilikuwa na hesabu na lilimwangukia mwenye gari, ambaye aliweza kulitimiza au kulivunja waziwazi. Amri ya “epuka msongamano” ilimwangukia abiria, ambaye hakuwa na gari jingine. Baina ya maneno hayo mawili pana tofauti yote iliyopo kati ya kupanga na kuasa.

Mwisho ndipo neno lichaguliwe, lisomwe kwa sauti mbele ya watu wa mahali litakapotumika, mwenye birika na mwenye dumu wakiwamo, na lirekebishwe kabla halijapigwa chapa. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa tabibu peke yake wala mfasiri peke yake. Vyuo na mabaraza ya Kiswahili vina wajibu wa kuifanya wakati wa salama, kwa kuwa maradhi mengine yatakuja, na usiku yatakapobisha hodi hapatakuwa na nafasi ya kufungua kamusi.